Dirisha la Ghorofa ya Tatu

Sofia, 9 Januari 2023

Kwa Bi. Vasilka Ralcheva,

Jina langu ni Lyuben Gaydarov. Hatujawahi kuzungumza, ingawa miaka ishirini na mitano iliyopita nilisimama siku nne katika ua wa hospitali alikolazwa mdogo wako, Nevyana. Mimi ndiye niliyetangaza kifo chake redioni. Sentensi yangu ya kwanza unaijua, maana wameichonga kwenye jiwe mbele ya ukumbi wa muziki wa mji wenu: "Saa kumi na dakika kumi alasiri, dirisha la ghorofa ya tatu lilifunguliwa." Sikuhitaji kuongeza neno. Kwetu kila mtu anajua dirisha la mgonjwa hufunguliwa lini katikati ya baridi kali: akishakata roho, ili roho ipate pa kutokea.

Nimestaafu, lakini kila Februari watu wa televisheni hunitoa kabatini, hunipangusa vumbi na kunikalisha mbele ya kamera studio, maana nyumbani kwangu sijawahi kuwafungulia mlango. Mwaka huu televisheni moja inaandaa vipindi vya siku kumi na nne mfululizo kumkumbuka Nevyana na nyimbo zake, na mimi nimepewa kazi ya kuhakiki tarehe na saa. Nimeomba nakala ya daftari la vifo la Ruse. Imeandikwa: 18 Februari 1998, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Tangazo langu lilitoka tarehe 17. Tofauti ni saa kumi na saba na dakika kumi.

Nadhani karani alikosea. Lakini neno "nadhani" silipendi. Naomba unithibitishie, mstari mmoja unatosha. Nakuandikia barua kwa sababu simu yako haipatikani.

Kwa heshima,
Lyuben Gaydarov


Ruse, 16 Januari 2023

Bwana Gaydarov,

Simu yangu huichomoa ukutani Krismasi ikipita na kuirudisha Machi. Wewe peke yako ndiye uliyefikiria kununua stempu.

Karani alikosea. Huo ndio mstari wako mmoja. Sasa nisikilize na mimi.

Mwaka jana tarehe 17 nilimpeleka mama makaburini kwa sababu aliniambia anataka kuona tu. Ana miaka themanini na tisa. Kulikuwa na mtu anauza mishumaa ya plastiki yenye uso wa Nevyana. Kulikuwa na droni inanguruma juu ya kichwa cha padri mpaka akakosea sala. Kijana mmoja mwenye waya masikioni alimwambia mama, "Bibi, sogea kidogo, unatuzibia kaburi." Mama akasogea. Njiani kurudi akaniuliza, "Yule naye ni ndugu yetu wa upande gani?"

Sikuombi chochote kikubwa. Kama watu hao wanakusikiliza, waambie ifikapo jioni ya tarehe 17 wafunge vifaa vyao na waondoke wote Ruse. Wasilale. Hilo tu. Mama anataka kumpelekea mwanawe kaburini ngano yake ya kuchemsha, ile ya kuwakumbuka wafu, na mwaka huu daktari wake amenitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Vasilka Ralcheva


Sofia, 20 Januari 2023

Mzee wangu Lyuben,

Ni Yavor, mwandaaji wa vipindi. Najua hufungui barua pepe, kwa hiyo nimemtuma dereva akuletee karatasi hii mkononi. Usimfokee, hana kosa.

Mambo ni moto. Siku kumi na nne, muda wa saa sita kila siku. Tuna mpishi atakayepika vyakula alivyovipenda, tuna fundi nguo, tuna daktari wa meno aliyemtibu mwaka 1987. Na roho ya kipindi chenyewe: tumejenga lile dirisha la hospitali hapa studio, vipimo vilevile, hadi rangi iliyobambuka. Tarehe 17 wewe utakaa chini yake, mubashara. Ikigonga saa kumi na dakika kumi, nchi nzima itafungua madirisha. Nchi nzima, mzee. Wenye maduka ya mapazia wameshaingia udhamini.

Jambo jipya: mwaka huu kamera zetu zitabaki Ruse hadi tarehe 18. Imeangukia Jumamosi ya Wafu, mji mzima utakuwa makaburini na ngano na mvinyo wao. Picha nzuri za bure. Nikipata kitu bora zaidi cha kupiga siku hiyo nitabadilisha, lakini sioni kitakuwa nini.

Tarehe umeshazihakiki?

Yavor


Sofia, 25 Januari 2023

Bi. Vasilka,

Jana nilikuja Ruse kwa treni ya asubuhi. Sikubisha hodi kwako, kwa kuwa hukunialika. Nilisimama kwenye ngazi nikatazama mlango wako.

Karatasi ya msiba bado imebandikwa, kama watu wote wa kwetu wanavyobandika milangoni mwaka hadi mwaka kuwakumbuka wafu wao. Picha ya Nevyana akiwa na nywele fupi. "Miaka ishirini na minne bila msichana wetu. 18 Februari. Mama na dada." Chini yake inachungulia kona ya karatasi ya mwaka mwingine, na chini ya hiyo nyingine. Nilizifunua kidogo: zote tarehe 18. Karani hakuja kubandika hizo mlangoni kwenu.

Jirani yako wa ghorofa ya kwanza alitoka na ndoo akaniuliza, "Unasoma nini hapo, bwana? Kama wewe ni mwandishi, sisi hatujui kitu. Na kama si mwandishi, hatujui vilevile."

Basi alikuwa hai nilipotangaza kuwa amekufa. Nimelirudia jambo hili mara nyingi tangu jana ili nilizoee, na sijalizoea.

Nina daftari la makosa yangu. Katika miaka arobaini ya kazi ni makosa arobaini na moja, na kila moja nililisahihisha kwa jina langu ndani ya wiki moja. Hili ni la arobaini na mbili, na limechelewa miaka ishirini na mitano. Nitalisahihisha tarehe 17, hewani, chini ya dirisha lao la mbao. Nakujulisha mapema ili usilisikie kwanza kutoka kwenye televisheni. Familia yenu imeshawahi kutendewa hivyo na mimi mara moja.

Lyuben Gaydarov


Ruse, 30 Januari 2023

Bwana Gaydarov,

Nilikudanganya. Karani hakukosea. Mama yake alikuwa mwalimu wangu, na watu wa nyumba ile hawakosei.

Mwenye ndoo ni Bi. Totka. Kila mwaka asubuhi ya tarehe 17 yeye huibandua karatasi yetu kabla kamera hazijaingia, jioni akairudisha. Jengo zima linajua. Padri anajua. Kwenye jiwe la kaburi tuliweka miaka tu, bila tarehe. Hakuna aliyeagizwa kunyamaza, wamenyamaza wenyewe.

Nikueleze ilivyokuwa.

Mlikaa siku nne uani. Si nyinyi waandishi tu, na wale mamia waliokuja kumwimbia nyimbo zake. Walikuwa na nia njema. Ila hakupata usingizi hata saa moja. Tarehe 17 alasiri kinywa kilimkauka, na maji alikuwa hawezi kuyameza. Akasema, "Mama, nipe theluji, kama zamani." Tulipokuwa wadogo mama alitupa theluji na sharubati ya cheri juu yake. Basi mama akafungua dirisha, akachota theluji ya kwenye kizingiti, akamwekea midomoni. Ndilo dirisha lako.

Muuguzi akaingia, akamkaripia mama: "Unafungua dirisha kwa mgonjwa? Unaita kifo humu?" Mama akalifunga haraka. Huko chini tulisikia kimya, kisha kilio, kisha miguu inakimbia. Wewe ulikimbilia simu. Wengine walikimbilia ukumbi wa muziki kuwasha mishumaa. Daktari mkuu akapanda, mweupe kama shuka, akasema, "Redio inasema amekufa. Nikawaambie nini?" Nevyana akafumbua macho akasema, "Waambie familia inaomba iachwe peke yake." Yeye mwenyewe alisema hayo, Bwana Gaydarov. Daktari akashuka akayasema, na kila mtu akayaelewa anavyotaka.

Kufika saa kumi na moja ua ulikuwa mtupu. Akalala muda wa saa tatu bila kugutuka. Alipoamka alitaka redio. Tulimsikilizisha msiba wake. Walipopiga ule wimbo wa bahari akasema, "Kati ya zote wamechagua huu? Siku zote niliuchukia." Akacheka mpaka akakohoa. Alikula vijiko vitatu vya mtindi. Mama alimchana nywele. Mimi na yeye tulipatana juu ya jambo la zamani ambalo halikuhusu. Asubuhi, saa tatu na dakika ishirini, akaondoka, na uani hapakuwa na mtu ila mzee anayefagia theluji. Mama aliogopa kugusa dirisha tena. Nililifungua mimi.

Tangu siku ile mama anaamini muuguzi alisema kweli, kwamba yeye na mkono wake ndio waliomtoa mtoto kabla ya wakati. Hajawahi kulisema kwa sauti. Lakini televisheni ikitaja dirisha, huenda bafuni kufua kitu kilichokwisha kufuliwa.

Yameandikwa mengi juu ya Nevyana. Kosa lako ndilo jambo pekee kati ya hayo yote lililomfaa kitu. Lilimpa saa kumi na saba. Na sisi limetupa tarehe 18, siku yetu, bila mtu wa kutuambia tusogee. Ukilisahihisha, watazichukua siku zote mbili.

Najua unachoomba kwangu ni heshima ya kazi yako. Na mimi naomba saa moja ya mama kaburini. Pima mwenyewe.

Vasilka


Sofia, 6 Februari 2023

Bi. Vasilka,

Nimetoa daftari langu la Februari 1998. Limeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino ulikuwa unaganda. Kwenye mstari wa saa kumi na dakika kumi kuna maneno haya: "Dirisha. Gh. 3. Mkono. Theluji." Niliuona mkono wa mama yako ukichota. Sikuuandika kwenye habari kwa sababu sikujua niuweke wapi. Mwandishi akiona kitu kisichoingia kwenye habari yake, kosa liko kwenye habari. Hayo nimewafundisha vijana kwa miaka kumi.

Lazima pia nikwambie jambo baya. Kamera hazitaondoka tarehe 17. Yavor, mwandaaji, amepanga zibaki makaburini Jumamosi nzima ya tarehe 18.

Sijawahi kusema hewani jambo ninalojua si kweli. Sitaanza sasa, na siwezi kukuahidi kwamba nikiulizwa nitajibu uongo. Zaidi ya hapo sina la kuahidi. Ichemsheni ngano yenu.

Lyuben


Ruse, 19 Februari 2023

Kaka Lyuben,

Nakuita hivyo bila kukuuliza. Ukichukia niandikie.

Kopo hili la ngano amekuletea dereva wa basi la saa mbili, mtoto wa Bi. Totka. Usilitikise. Kwanza soma.

Tarehe 17 mama alikaa mbele ya televisheni tangu saa tisa, kavaa nguo ya kanisani. Nikamwambia, "Mama, si tuizime?" Akasema, "Acha. Nataka kumwona huyo mtu wako kama ana sura ya mtu." Kuhusu barua yako ya mwisho nilikuwa nimemficha. Ngano ilikuwa jikoni inapoa, na mimi nilikuwa na hakika kwamba tumeshanyang'anywa siku.

Ulikaa chini ya lile dirisha kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mama akasema, "Amekonda. Hana mke?" Nikamwambia sijui.

Ikagonga saa kumi na dakika kumi. Madirisha ya mtaa mzima yakafunguliwa, hata ya wale wa ng'ambo ambao huwa hawasalimii. Mama akasema, "Wanapasha moto mji." Mtangazaji akakusogelea na sauti yake ile ya kanisani: "Bwana Lyuben, wewe ndiye shahidi. Saa ile uliona nini hasa?"

Ukasema: "Niliona dirisha linafunguliwa. Ukatoka mkono wa mwanamke, ukachota theluji kwenye kizingiti, ukaingia nayo ndani. Mkono huo sikuuandika wakati ule. Ilinipasa niuandike kwanza, kabla ya dirisha."

Yule dada mtangazaji akasema, "Kama ishara ya kuaga." Nawe ukasema, "Hapana. Kama mtu anayempa mwenzake kitu cha kutuliza kiu. Ni jambo jema kuliko yote niliyoyaona siku ile."

Halafu akakuuliza, "Na ndipo ukajua kwamba ameondoka?" Nikashika meza. Nilihesabu mpaka saba. Ukasema, "Ndipo sote tukaondoka. Mimi nilitangulia." Yule dada akafuta machozi, wakaweka wimbo wa bahari.

Hukusema hata neno moja la uongo. Niliyachambua maneno yako jioni nzima.

Mama hakwenda bafuni. Alikaa akiutazama mkono wake, huu wa kulia, akiugeuza. Kisha akasema, "Aliuona." Baadaye kidogo tena: "Jema, kasema. Mbele za watu wote." Akataka chai, akala mkate na jibini, kitu ambacho hajala kwa hamu tangu vuli.

Asubuhi ya Jumamosi tulifika makaburini saa mbili na nusu. Nilitazama kila upande. Hakuna gari la televisheni, hakuna waya, hakuna droni. Mji mzima ulikuwapo, kila mmoja kwa wafu wake, na hakuna aliyetutazama zaidi ya inavyotakiwa. Bi. Totka ndiye aliyenipa habari, kwa kuwa mwanawe ana televisheni kwenye basi: "Wako Sofia wote. Nyumbani kwa yule bwana wako mwembamba. Anawasomea daftari." Nikaelewa. Miaka ishirini na mitano ulikataa kuwafungulia mlango, ukawafungulia siku hiyo, saa hiyo.

Mama alimwaga mvinyo, akaweka maua manane, maana ya wafu lazima yagawanyike kwa mbili, akagawa ngano kwa kijiko. Ikatimia saa tatu na dakika ishirini. Tukasimama. Kulikuwa na theluji kidogo juu ya jiwe. Akaichota kwa mkono wa kulia, akaila mwenyewe, akasema, "Haina sharubati." Alikaa pale saa moja na robo. Hakuna aliyemwambia asogee.

Nimebakiza jambo moja. Sikukuandikia Januari kwa sababu nilidhani utalitumia. Jioni ile, redio iliposoma habari yako yote, ule mstari wa dirisha na mengine, Nevyana alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akasema: "Huyu anaandika vizuri. Amewahi tu."

Dada yako,
Vasilka

Kwenye kopo, ile njugu nzima iliyo juu kaiweka mama kwa mkono wake. Wengine wote walipata zilizopondwa.


Sofia, 23 Februari 2023

Dada Vasilka,

Kopo lilifika zima. Nilikula nikiwa nimesimama jikoni, kijiko cha kwanza kwa kusema "Mungu amsamehe" kama inavyotakiwa, na vilivyofuata kwa njaa. Mwambie mama njugu yake niliiacha mwisho. Mwambie pia kwamba nilikuwa na mke, alifariki mwaka 2016, na kukonda ni kwa kuzaliwa.

Yavor amekasirika. Aliniletea kamera nne na mafundi tisa, nikawasomea daftari la Februari 1998 kuanzia tarehe mosi, pamoja na hali ya hewa na namba za treni. Saa tatu na dakika ishirini nilikuwa nimefika tarehe 6. Fundi sauti alilala. Katika saa tano walizorekodi wametumia sekunde arobaini, na amesema mwakani hatanisumbua. Ameniuliza, "Mzee, zile tarehe ulizihakiki lakini?" Nikamwambia nilizihakiki zote, moja baada ya nyingine. Hakuniuliza nilipata nini. Mwandishi mzuri angeuliza.

Naambatanisha nakala ya daftari la vifo. Ni nakala pekee niliyokuwa nayo. Ikae kwenu.

Nimefanya kazi chini ya wahariri sita. Hakuna aliyewahi kunihariri kwa usahihi kama mdogo wako, kwa maneno matano.

Jana niliandika kosa la arobaini na mbili kwenye daftari langu la makosa. Kuna safu mbili. Upande wa kushoto, "Kosa", nimeandika: "Niliwahi." Upande wa kulia, "Sahihisho", nilikaa nao muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri, kisha nikaandika: "Familia inaomba iachwe peke yake."

Kama mama ataruhusu, mwakani nitakuja tarehe 18. Nitaleta maua, nitayahesabu mara mbili, na sharubati ya cheri.

Kaka yako,
Lyuben